Ziara za Masomo na Kazi za Mikono: Miombo ya Tabora na Njia ya Misafara kama Darasa

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi asomaye vitabu vya mbinu za kufundishia vilivyoandikwa katika nchi za mbali hukuta mara kwa mara habari za walimu waliosafiri na wanafunzi wao kwenda kujifunza katika misitu ya mvua, kama ile ya Amazon. Huko hupanda madaraja ya kamba yaliyoning'inizwa juu ya miti, huhesabu ndege na vyura, kisha hurudi makwao na kufanya kazi za mikono darasani. Husoma akatamani. Lakini akumbukapo shule aliyofanyia mazoezi ya kufundisha, yenye wanafunzi 80 katika chumba kimoja, bila basi wala fungu la fedha za safari, hukifunga kitabu na kusema kwamba mambo hayo si ya kwetu.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha kwamba ni ya kwetu. Ubora wa ziara ya masomo haupimwi kwa umbali wa safari. Hupimwa kwa swali walilokwenda nalo wanafunzi na kwa kazi waliyorudi kuifanya. Ziara isiyo na swali ni matembezi, na ziara isiyofuatwa na kazi husahauliwa kabla ya juma kwisha.

Nchi yetu inayo misitu ya mvua, mathalani katika milima ya Usambara na Udzungwa. Vilevile, mbali upande wa magharibi, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ipo misitu ya mabondeni ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza maisha ya sokwe mwaka 1960. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, Goodall na kikundi kidogo cha wanafunzi walianzisha mpango wa Roots & Shoots, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Msingi wake ni mwepesi kueleza: wanafunzi wenyewe hutambua tatizo la mahali wanapoishi, kisha hulifanyia kazi. Msingi huo hauhitaji msitu wa mbali. Mwalimu wa Tabora anao msitu wake, nao ni miombo.

Miombo ni msitu wa namna gani?

Mwalimu hana budi kuufahamu msitu kabla ya kuufundisha. Miombo imeenea kutoka Angola hadi Msumbiji, ikapita Kongo, Zambia, Malawi na Zimbabwe, na sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Tanzania. Si msitu wa mvua. Hupata majira marefu ya kiangazi, na miti yake mingi hupukutisha majani. Jambo la ajabu ni kwamba miti mingi huanza kuchipua kabla ya mvua ya kwanza kunyesha, na majani hayo machanga huwa mekundu, kiasi kwamba mgeni hudhani msitu umeungua. Mvua zianzapo, uyoga hutokea chini ya miti. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa ushirikiano na mizizi ya miti hiyo: mizizi huupa uyoga chakula, nao uyoga huisaidia mizizi kufyonza virutubisho vya udongo. Kwa hiyo mahali miti ilipokwisha, uyoga huo nao hutoweka. Mama auzaye uyoga sokoni anaujua ukweli huu, ingawa hajapata kuusoma kitabuni.

Kadhalika, mti wa miombo uliokatwa aghalabu haufi. Kisiki na mizizi huchipua upya, mradi pasilimwe tena wala pasichomwe moto kila mwaka. Jambo hili ni la kutia moyo, na ni jambo linaloweza kupimwa na mtoto wa Darasa la Tano mwenye kamba na penseli.

Matayarisho

Kwanza, mwalimu aende peke yake mahali hapo kabla ya siku ya ziara. Achague eneo ambalo wanafunzi watalifikia kwa miguu na kurudi kabla ya jua kali. Ikiwa ni msitu wa hifadhi, aombe ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Ikiwa ni msitu wa kijiji, aombe kwa serikali ya kijiji. Wazazi nao wapewe taarifa mapema.

Pili, atafute mwenyeji wa msitu: mfuga nyuki, mganga wa mitishamba au mzee ajuaye majina ya miti. Huyo si mpambe wa ziara bali ni mwalimu mwenzetu. Tabora imekuwa nchi ya asali na nta kwa vizazi vingi, na hapo mjini kipo chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki. Wanafunzi wafundishwe kumwamkia mzee kwa heshima, kumsikiliza bila kumkatiza, na kumshukuru.

Tatu, aandae usalama. Wanafunzi wavae viatu na nguo za rangi nyeupe au hafifu, wasijipake manukato, kwani rangi nyeusi na harufu kali huwachokoza nyuki. Maji ya kunywa yabebwe. Mwalimu mmoja atangulie na mwingine awe nyuma, na hesabu ya wanafunzi ifanywe wakati wa kutoka, katikati ya ziara na wakati wa kurudi.

Nne, na hili ndilo kubwa, darasa litunge swali. Mwalimu asiandike ubaoni "Tutakwenda kuona msitu." Aandike swali linaloweza kujibiwa kwa kuhesabu na kupima, kama vile: "Je, msitu ulio karibu na njia una miti mingi sawa na msitu ulio mbali na njia?" Kila mwanafunzi aandike anavyodhani kabla ya kwenda. Atakaporudi atajipima mwenyewe.

Ziara ya kwanza: kipande cha msitu

Darasa la wanafunzi 80 ligawanywe katika vikundi 10 vya wanafunzi wanane. Kila kikundi kiwe na kamba ya mita 40 iliyofungwa fundo kila baada ya mita 10. Kamba hiyo ikitandazwa kwa pembe nne hufanya mraba wa mita 10 kwa mita 10. Ndani ya mraba huo wawili wahesabu miti, wawili wapime unene wa mashina, wawili wahesabu visiki na machipukizi, mmoja aandike na mmoja achore. Hivyo hapana mwanafunzi anayebaki kutazama wenzake.

Unene hupimwa kwa kuzungusha uzi kwenye shina, urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha uzi hupimwa kwa rula. Tuseme mzingo ni sentimita 94. Darasani wanafunzi watagawanya kwa 3.14 na kupata kipenyo cha karibu sentimita 30. Hesabu ya duara, ambayo wengi huikariri bila kuielewa, hapa imepata kazi.

Tuseme tena kwamba vikundi vitatu vilivyo karibu na njia vilipata miti 6, 3 na 9. Wastani ni 6. Kwa kuwa hekta moja ina miraba 100 ya namna hiyo, makadirio ni miti 600 kwa hekta. Mwalimu asiache kuuliza: "Kama tungepima mraba wa pili peke yake, tungepata jibu gani?" Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Somo hili la uangalifu lina thamani kuliko jibu lenyewe.

Yafaa ziara hii irudiwe mahali palepale: mara moja mwezi Oktoba, majani mekundu yanapochipua, na mara nyingine mwezi Machi, wakati wa mvua. Mti mmoja uwekewe alama ya uzi ili wanafunzi waurudie kama mwenzao wa siku nyingi.

Ziara ya pili: Kwihara

Watu wa Tabora wanaishi juu ya njia kuu ya historia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji, mwendo wa karibu kilomita 1,200. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, karibu na mji wa leo, mwezi Novemba 1857, wakawakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga makazi yao. Huko Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, lipo tembe linalohifadhiwa kama makumbusho. Hapo David Livingstone alikaa mwaka 1872, kwanza pamoja na Henry Stanley, kisha peke yake hadi Agosti, akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya mapendekezo yake ya Urithi wa Dunia, na Kwihara ni mojawapo ya vituo sita vilivyotajwa.

Mwalimu wa mazingira huanza na mwembe. Mwembe si mti wa miombo. Asili yake ni Asia, nao uliletwa bara na watu wa njia ile. Wanafunzi waulizwe: ni miti gani hapa iliyokuwapo kabla ya misafara, na ni ipi iliyoletwa? Wapime mzingo wa mwembe na wa mninga, wakachore majani ya yote miwili.

Kisha waingie katika hesabu ya mpagazi. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kila mtoto aliyechota maji anaijua ndoo ya lita 20, ambayo maji yake yana uzito wa kilo 20. Mzigo wa mpagazi uliizidi kwa kilo 12. Akitembea kilomita 15 kwa siku, safari ya kilomita 1,200 ingemchukua siku 80 bila kuhesabu mapumziko. Wanyamwezi wengi waliifanya kazi hiyo kwa ujira, wakasifika kwayo. Lakini kwenye njia hiyohiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, wakiuzwa pamoja na pembe za ndovu. Mwalimu asiyafiche haya kwa sababu kivuli cha mwembe ni kizuri. Ayaseme kwa utulivu, kwa maneno machache, na awape watoto nafasi ya kuuliza. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya wapagazi katika njia hiyo ilififia.

Kazi za mikono baada ya ziara

Mwalimu achague kazi moja au mbili zitakazodumu mwaka mzima, asirundike nyingi. Tunapendekeza hizi:

1. Ramani ya udongo. Wanafunzi wafinyange njia kutoka Bagamoyo hadi Ujiji juu ya ubao mpana, waweke vituo, mito na aina za uoto.

2. Kitalu cha miche. Wapande mbegu za miti ya kwao. Wakipanda mninga, waelezwe mapema kwamba mche wake hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukiendelea kukua chini. Asiyejua hung'oa mche ulio hai akidhani umekufa.

3. Mzinga wa mbao. Mafundi wa kijiji waalikwe. Mzinga utundikwe mbali na madarasa na njia za watu, nao ufunguliwe na mfuga nyuki pekee. Wanafunzi waandike tarehe za maua na za urinaji.

4. Kitabu cha darasa. Vipimo vyote vya miraba viandikwe humo, vikabidhiwe kwa darasa lijalo. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na kumbukumbu ya msitu wake.

Swali gumu

Katika nchi hii ya tumbaku, kuni nyingi huteketea katika mabani ya kukaushia majani. Mzinga wa gome nao hutengenezwa kwa kubandua gome kuzunguka shina lote. Chakula kitokacho majani hupita katika gome la ndani kwenda mizizini, na njia hiyo ikikatwa, mti hukauka ukiwa umesimama. Watoto watavigundua visiki na miti mikavu, na mmoja atasema, "Mwalimu, huyu aliyekata ni baba."

Hapo ndipo ualimu wetu unapopimwa. Mwalimu akimnyamazisha mtoto, ameua ukweli. Akimlaumu baba mbele ya darasa, amemtenga mtoto na nyumba inayomlisha na kumnunulia daftari. Njia iliyo bora ni kurudi kwenye kipimo: "Muulize baba, kwa heshima, bani moja hutumia mikokoteni mingapi ya kuni kwa msimu. Nasi tutahesabu miti mingapi imeota tena." Kisha darasa lijadili yawezekanayo: bani linalotumia kuni kidogo, shamba la miti ya kuni, mzinga wa mbao mahali pa ule wa gome, kuviacha visiki vichipue. Mzazi aliyeulizwa kwa heshima huja shuleni kujibu, na mara nyingine huja na jembe.

Upimaji

Tusiwapime wanafunzi kwa kukariri majina ya miti. Tuwape mraba mpya na kamba, tuone kama wanaweza kupima, kuandika na kueleza. Tuangalie pia kama kila mmoja katika kikundi alifanya kazi, wasichana wakipima na wavulana wakiandika, si kinyume chake siku zote.

Hitimisho

Mwalimu asingoje basi wala msitu wa mbali. Kamba ya mita 40, uzi, rula, daftari na mzee mmoja mwenye maarifa vyatosha kuanza. Kinachobaki ni swali zuri, na uvumilivu wa kulifanyia kazi mwaka mzima.

Maswali ya kujadiliana

1. Tunga maswali matatu ya ziara yanayoweza kujibiwa kwa kuhesabu au kupima katika mazingira ya shule unakofanyia mazoezi.

2. Andika andalio la somo la dakika 80 la ziara ya msituni, ukionyesha kazi ya kila mwanafunzi katika kikundi cha wanane.

3. Mzazi amekuja shuleni akilalamika kwamba mwalimu anawafundisha watoto kuichukia tumbaku. Utamjibuje?