Nimebadilisha maneno, bado ni wizi?

SWALI: Niko mwaka wa tatu. Msimamizi amenirudishia tasnifu akisema nimeiba, ilhali kila sentensi niliibadilisha maneno. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Ndugu yangu, tuseme kitabuni imeandikwa, “Ukame wa muda mrefu uliwalazimisha wafugaji kuhamia mabondeni.” Wewe ukaandika, “Kiangazi kirefu kiliwafanya wafugaji wahamie mabondeni.” Maneno ni yako, lakini hoja na mpangilio wake ni vya mwandishi wa kitabu. Usipomtaja, huo ni wizi wa kitaaluma. Tena usiitegemee asilimia ya Turnitin: programu hiyo huonyesha maandishi yanayofanana tu, anayeamua kama umeiba ni mwalimu.

Adhabu hutofautiana kati ya chuo na chuo: kurudia kazi, kufeli somo, hata kufukuzwa. Na kuhitimu hakufuti kosa. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani Chuo Kikuu cha Bayreuth kilipomvua udaktari wake Februari 2011 kwa kosa hilohilo. Machi 1 akajiuzulu.

Wewe una bahati, umerudishiwa mapema. Soma aya, funga kitabu, andika ulichoelewa, kisha mtaje mwandishi papo hapo, pamoja na mwaka na ukurasa.