Herufi za Nyuma ya Motokaa

Kila siku motokaa hupita mpakani Busia na Malaba zikielekea Tororo, na nyuma yake mna herufi zing'aazo. Je, maana yake nini?

"GTI" ilipata sifa mwaka 1976 kwa Volkswagen Golf. Ile "I" yaeleza kwamba petroli hunyunyizwa, haipiti katika kabureta. "Turbo" ni gurudumu dogo lizungushwalo na moshi wa injini, lipate kusukuma hewa nyingi ndani. "STI" ni Subaru Tecnica International, kampuni ya magari ya mashindano iliyoundwa mwaka 1988. Lakini "VVT-i" ya Toyota si alama ya mbio: hurekebisha wakati wa vali kufunguka, na hata Probox nyingi zibebazo mizigo ya sokoni zinayo.

Mjomba wangu aliuziwa gari lenye "STI". Tulipojaribu kulipita lori la saruji karibu na Tororo, nguvu zilikwisha tukiwa katikati ya barabara, na lori jingine laja. Tuliponea chupuchupu. Fundi alipofunua boneti, alikuta injini ya kawaida, haina turbo. Herufi zilibandikwa kwa gundi.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kununua, funueni boneti mkasome namba ya injini. Gundi haiongezi nguvu.