SOMO LA KOMPYUTA: RITIFAA KATIKA MAJINA NA HERUFI ZA KIGENI

Wakazi wengi sasa hujaza fomu za huduma kwa kompyuta, nyumbani au steshenari. Somo hili linawahusu hasa wenye majina kama Ng'wandu au Nyang'oro, na wanaoandika majina ya mahali kama Nyang'hwale.

Ritifaa si pambo. Hutenganisha sauti mbili: "ng'oa" si "ngoa". Vivyo hivyo, ni sehemu ya jina la mtu.

Jicho huona alama moja, lakini kompyuta hutambua kila umbo kwa namba yake. Ritifaa iliyonyooka (') ni 39, iliyopinda (’) ni 8217, na alama iliyolala (`), chini ya kitufe cha Esc, ni 96. Jina lililoandikwa kwa alama moja kwenye cheti na kwa nyingine kwenye maombi ya mkopo laweza kuhesabiwa kuwa majina mawili, na mwombaji akaambiwa taarifa zake hazilingani.

Namna ya kuandika

1. Tumia kitufe cha ritifaa kilicho karibu na Enter, si kile cha chini ya Esc.

2. Programu ya Word ikiipinda alama, bonyeza Ctrl na Z papo hapo, itanyooka.

3. Kitufe kikiwa kibovu, washa Num Lock, shikilia Alt, andika 39 kwa tarakimu za upande wa kulia wa kibodi, kisha achia Alt.

Kwa njia hiyo ya tatu, katika kompyuta za Windows, huandikwa pia:

é – Alt 0233
ç – Alt 0231
ñ – Alt 0241
² – Alt 0178 (kwa mfano 600 m² katika maombi ya kiwanja)

Sifuri ya mwanzo isiachwe. Bila hiyo hutokea alama nyingine kabisa. Kwenye simu, shikilia herufi e hadi é ionekane.

Kabla ya kutuma fomu, linganisha jina, herufi kwa herufi, na lililo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Ikiwa cheti kiliacha ritifaa, usiiongeze mwenyewe katika fomu. Anza kwa kuomba marekebisho RITA. Ni afadhali kuchelewa siku chache kuliko kukataliwa kwa sababu ya alama moja.