Shangazi, darasani Ufaransa nimekuwa bubu

NINA miaka 26, natokea Mbagala, Dar es Salaam. Nasoma shahada ya uzamili ya biashara mjini Lille, Ufaransa. Chuoni nyumbani nilikuwa miongoni mwa wanaoongoza, na ukoo mzima ulinichangia kuja huku. Masomo ni ya Kiingereza, nacho nakijua, ila darasani watu wanapokonyana maneno kama wako mnadani na mimi sipati pa kupenya. Kuzungumza kuna alama, mimi sina hata moja. Mtihani wa kwanza nimepata 12 kati ya 20, nikalia usiku kucha. Kazi za kikundi wenzangu wanapangana kwa Kifaransa kwenye WhatsApp, mimi naachiwa kupamba slaidi. Ijumaa wanakwenda baa, sinywi, siendi. Juzi tulijadili M-Pesa, ile huduma ya pesa kwa simu. Kijana mmoja akaeleza kwamba mawakala ni waajiriwa wa kampuni ya simu na wanalipwa mshahara. Mama yangu ni wakala tangu nikiwa sekondari, na likizo zote nimekaa kibandani. Nikanyamaza. Baba mdogo naye anataka laki tano za ada ya mwanawe, anaamini Ulaya hela zinaokotwa. Nataka kurudi nyumbani.
Aliyenyamaza, Lille

Mwanangu,

Hiyo 12 tuimalize upesi. Huko alama zinahesabiwa kwa 20. Mwenye 10 kafaulu, 12 wanaiita nzuri kiasi, 14 nzuri, 16 nzuri sana, na 20 kamili ni nadra kuiona. Wewe umeisoma kwa macho ya Mbagala ukaona asilimia 60. Futa machozi.

Uliponiudhi ni kwenye M-Pesa. Huduma hiyo ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikaingia mwaka uliofuata, na vyuo vya biashara vimeifanya kisa cha kufundishia. Wenzako wameijua kwenye kurasa walizogawiwa. Wewe unajua kwamba wakala anajitegemea, anaweka mtaji wake na kula kamisheni. Unajua mwisho wa mwezi mishahara ikiingia kila mtu anataka kutoa, keshi inakwisha kibandani huku floti, yaani salio la wakala, imejaa kwenye simu, mama anamtuma mtu mbio benki kabla haijafungwa. Shule zikifunguliwa mambo yanageuka: wazazi wanalipa ada, droo imejaa noti, floti hakuna, mteja anasonya na kuhamia kibanda cha jirani. Unakumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021, kelele zilizopigwa, hadi serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba. Hayo yote ulikuwa nayo kichwani, ukakaa unamsikiliza mtu anayewapa mawakala mshahara!

Kiingereza unasema unakijua, basi kilichokufunga mdomo ni malezi. Tumekulea usidakie watu wakizungumza, usubiri kuulizwa, usimsahihishe mwenzio hadharani ukamwaibisha. Ni malezi mema na sitaki uyatupe, maana ukirudi utayahitaji. Lakini kufundisha kwa visa kulienezwa na chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, na pale kuzungumza darasani kunaweza kubeba hata nusu ya alama za somo. Wanaosoma kwa mtindo huo hawasubiri wawe na uhakika. Kijana yule alikuwa anavuna alama zake, na kama kakosea basi amekosea, kesho atanyoosha mkono tena.

Kila usiku wa kuamkia kipindi, andika hoja moja kwenye karatasi. Moja tu. Nyoosha mkono mapema, mjadala kabla haujachemka, na uanze na kitu ulichokiona kwa macho yako. Ukibanwa kabisa mfuate mwalimu baada ya kipindi, mwambie una la kusema na hupati nafasi, akuite kwa jina. Na suala la mawakala halijapoa: mwandikie barua pepe leo hii, aya mbili, umweleze kibanda cha mama kinavyoendeshwa.

Kikundi usikipeleke kwa mwalimu kwanza. Waandikie humo humo WhatsApp, kwa Kiingereza cha adabu: masomo yetu ni ya Kiingereza, naomba tupangane kwa Kiingereza, na kazi ijayo mahesabu nayafanya mimi. Usiwaulize kama inawezekana. Slaidi uliachiwa kwa kuwa hukukataa. (Vyuo hivi navyo! Vinajiita vya kimataifa, vinapanga bendera mlangoni, ndani kila taifa linakula meza yake.) Wakikupuuza baada ya hapo, ndipo mwalimu ahusike. Hata hivyo Kifaransa jifunze, tena kwa bidii, kwa sababu ukianza kutafuta mafunzo ya kazi waajiri wengi wa huko watakuhoji kwa lugha yao.

Kurudi sasa, hapana. Maliza mwaka, upate matokeo yote, tuzungumze tena.

Baba mdogo usimjibu wewe, utaambiwa umeota mapembe. Mweleze baba yako kwamba sheria ya Ufaransa inamruhusu mwanafunzi wa nje kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, kama 18 hivi kwa wiki, na humo ndimo itoke kodi ya chumba na chakula. Yeye ndiye azungumze na mdogo wake. Deni la michango ya ukoo lipo, silikatai, ila halidaiwi mwanafunzi akiwa bado dawatini.

Ijumaa hii nenda baa. Agiza soda, kaa saa moja, zungumza na watu wawili, mmoja wao awe wa kikundi chako, kisha aga uondoke. Habari za nafasi za mafunzo ya kazi mara nyingi husikika mezani hapo kabla hazijabandikwa popote.