Vikapu 12 na Daftari la Jikoni

Somo: Yohana 6:1-13

Yesu alilisha wanaume 5,000 kwa mikate 5 na samaki 2, kisha akaagiza mabaki yakusanywe. Vikajaa vikapu 12. Jiulize: aliyeweza kuzidisha mikate alitaka mabaki ya nini? Ninavyoelewa mimi, muujiza hauhalalishi ubadhirifu. Tukiomba riziki, ikija tuitunze.

Kwetu, Jumamosi kabla sijashika kikapu kwenda Marikiti, tunaangalia kilichobaki jikoni, ndipo tunaandika chakula cha siku 7. Mbaazi tunaziloweka usiku ili zisimalize gesi. Zinachemshwa mara moja na kuungwa kwa tui: asubuhi tunakula na mahamri niliyopika mwenyewe, jioni na wali.

Najua wengi wetu tunapimiwa mafuta na sukari kila siku, kwa kuwa mapato ni ya siku. Hilo si kosa. Kinachotumaliza ni chipsi na soda za jioni ambazo hakuna aliyezipanga, halafu deni la dukani. Mwisho wa mwezi deni hilo linaingia hadi chumbani, mume na mke hawasemezani.

Zoezi la wiki: keti na watu wa nyumbani mwako, ombeni, mpange chakula cha siku 3 tu. Pesa itakayosalia wekeni kando, na mumkumbuke jirani ambaye jiko lake halijawashwa. Hicho ndicho kikapu chenu. Amina.