Ramadhani 14: Nani Atapokea Bendera?



Waumini wenzangu wa Themi, tumefuturu alhamdulillah, maji ya udhu yapo, taa zinawaka. Sasa jiulize: LUKU ya msikiti ananunua nani? Namba ya siri ya simu ya michango anayo nani? Hati ya kiwanja iko kwenye kabati la nani? Kama jibu la yote matatu ni mtu mmoja, basi siku akilazwa, na msikiti umelazwa.

Mwaka wa 8 Hijria (629), Mtume ﷺ alituma jeshi la watu wapatao 3,000 kwenda Mu'ta, upande wa Sham. Alimteua Zayd bin Haritha. Akiuawa, ashike Jaafar bin Abi Talib. Naye akiuawa, Abdallah bin Rawaha. Na aliyasema hadharani, wahusika wakisikia. Kwetu hapa muulize mwenyekiti, "Usipokuwepo nani atashika?" Utaambiwa unamwombea mauti!

Wote watatu waliuawa, kwa mpangilio ule ule. Bendera akaiokota Thabit bin Aqram, akawataka watu wachague kiongozi. Wakamwambia, wewe. Hapa soma polepole ndugu yangu. Thabit ni mtu wa Badr, heshima anayo, na bendera tayari iko mkononi mwake. Akakataa. Akampa Khalid bin Walid, aliyesilimu miezi michache tu nyuma, kwa sababu Khalid aliijua vita kuliko yeye. Khalid akabadilisha safu, wa kulia akawapeleka kushoto, wa mbele nyuma, akaliondoa jeshi lisiangamizwe.

Sisi tuna vijana waliosoma Chuo cha Uhasibu hapo Njiro, na kazi tunayowapa ni kupanga viatu na kugawa tende. Daftari la hesabu hawalijui hata rangi yake.

Habib Saleh wa Lamu alifariki miaka ya 1930. Riyadha yake inasomesha mpaka leo, maana alilea watu wa kumpokea akiwa hai.

Basi tufanye hivi. Akaunti iwe na watia saini watatu, wasiwe wa nyumba moja. Mali ya msikiti isikae kwa jina la mtu, hata awe mcha Mungu vipi. Ikae kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, na mdhamini akifariki au akihama, mabadiliko yapelekwe huko. Wengi tunasajili mara moja halafu tunasahau, kumbe nusu ya majina yako makaburini. Na kila mwenye cheo awe na msaidizi anayeijua kazi yote, siyo wa kubeba mkoba.

Kikao ni Jumamosi baada ya tarawehe. Mweka hazina aje na daftari. Akina mama nanyi mje, maana futari hii mnaichangia nyinyi kuliko sisi, na mna haki ya kuuliza imekwenda wapi.

Wabillahi tawfiq.