Mbao Kavu, Patasi Kali: Maswali na Majibu Kuhusu Useremala wa Nyumbani

Useremala wa nyumbani hauhitaji karakana. Baraza yenye kivuli, ua wa nyuma au kona ya gereji inatosha, mradi kuwe na mwanga na meza nzito isiyoyumba. Kazi nyingi za wanaoanza huharibika baada ya kukamilika: kiti hulegea, droo hukwama, meza hupasuka katikati. Lawama huangukia mikono ya mtengenezaji, ilhali mara nyingi kosa lilianza siku mbao ziliponunuliwa.

Anayeanza anunue zana gani?

Msumeno wa mkono, randa, patasi za nusu inchi na inchi moja, nyundo ya mbao, skweya, tepu, klempu chache na jiwe la kunolea. Kwa hizo hutengenezwa stuli, rafu na sanduku. Mashine zisubiri. Zana za mkono humfundisha mtu kusoma mwelekeo wa nyuzi za mbao, jambo ambalo mashine humficha.

Je, patasi butu si salama zaidi kwa anayejifunza?

La, ni ya hatari zaidi. Butu hudai nguvu, na nguvu ikizidi patasi huteleza ghafla. Ubao ubanwe kwa jiriwa au klempu, na mikono yote miwili ikae nyuma ya makali.

Kunoa huanza mgongoni: mgongo wa patasi hulazwa bapa juu ya jiwe lililoloweshwa na kusuguliwa hadi ncha ing'ae. Kisha upande wa mshazari hunolewa kwa pembe ya digrii 25 hadi 30, mpaka kidole kikipitishwa taratibu mgongoni kuelekea nje kihisi ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja. Ukingo huo huondolewa kwa kuulaza mgongo tena. Jaribio zuri ni kuchonga kichwa cha kipande cha paina. Patasi kali huacha uso laini unaong'aa. Iliyo butu huziponda nyuzi na kuacha mabaka meupe.

Hatari kubwa ya mashine iko wapi?

Kwenye msumeno wa duara wa mezani, hatari ni ubao kurushwa nyuma. Mkato ukijibana, au ubao ukikwama kati ya diski na kizuizi cha pembeni, meno ya nyuma huuinua na kuurusha kwa kasi kuelekea anayesukuma. Ndiyo maana bamba la chuma linalosimama nyuma ya diski halipaswi kuondolewa, mtu husimama kando ya mstari wa diski, na kipande chembamba husukumwa kwa kijiti.

Desturi moja inastahili kukomeshwa kabisa: kufunga diski ya msumeno wenye meno kwenye grenda iliyovuliwa kinga. Grenda huzunguka kwa kasi kubwa kuliko diski nyingi za mbao zinavyoruhusu, na meno yakinasa, mashine huruka kutoka mikononi. Glavu, mikono mipana ya nguo na mitandio pia vikae mbali na chochote kinachozunguka. Plagi ichomolewe kabla ya kubadilisha diski. Miwani ya kinga ivaliwe hata kwa kazi ya dakika moja.

Vumbi la mbao lina madhara gani?

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na uwazi wake. Zaidi ya hapo, vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na linaweza kuamsha pumu. Kitambaa usoni hakizuii chembe ndogo. Inahitajika barakoa ya kiwango cha N95 au FFP2. Kupiga msasa kufanyike nje, mbali na watoto.

Ni mbao ipi inayofaa?

Kwa kujifunzia, paina ya mashamba kama Sao Hill wilayani Mufindi, au msaiprasi wa nyanda za juu za Kenya: hupatikana kwa urahisi na haisumbui randa. Mgrevilea nao ni mzuri kwa samani nyepesi. Mtiki hutulia sana na huvumilia unyevu. Mninga unasifika kwa haki, kwa kuwa hubadilika kidogo mno hali ya hewa ikibadilika, lakini hukua polepole msituni na haumfai anayejaribu mkato wake wa kwanza. Mwaka 2022 miti ya jamii ya mninga ya Afrika, pamoja na ya jamii ya mkongo na mkangazi, iliingizwa katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa. Mvule ni imara, ila wakati mwingine huficha ndani yake mawe ya chokaa yanayong'oa makali ya msumeno.

Ubao ukaguliwe vipi sokoni?

Iwe Keko au Gikomba, ubao uinuliwe hadi usawa wa jicho na kutazamwa kwa urefu. Kupinda na kujisokota huonekana papo hapo. Ubao uliobeba kitovu cha shina uachwe, kwani utapasuka. Vitundu vidogo vinavyotoa unga ni dalili ya wadudu, ambao hupenda sehemu ya nje yenye rangi hafifu.

Ukavu wake utajulikanaje?

Kwa mizani ya jikoni. Kipande kikatwe ndani ya ubao, si mwishoni, kipimwe, kisha kikaushwe kwenye oveni kwa nyuzijoto zipatazo 103 hadi uzito usipungue tena. Kilichopotea hugawanywa kwa uzito mkavu: gramu 130 zikishuka hadi 100, unyevu ni asilimia 30, na ubao huo bado ni mbichi. Kwa samani za ndani, asilimia 12 hivi ni lengo zuri, juu kidogo pwani. Mbao mbichi zipangwe kivulini juu ya vijiti vyenye unene sawa, hewa ipite kila upande.

Kwa nini meza hupasuka?

Mbao hujaa na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu karibu hazibadiliki. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 80 ukisinyaa kwa asilimia 1 hupungua milimita 8. Ukiwa umegundishwa na kupigiliwa kwenye fremu pande zote, hauna pa kwenda ila kupasuka. Tiba ni kuufunga kwa skrubu zilizo katika matundu marefu yanayoziachia nafasi ya kusogea, na kutotia gundi hapo.

Mabaki yafanywe nini?

Maranda ya mbao zisizotiwa dawa hufaa bandani mwa kuku. Mbao za rangi ya kijani kutokana na dawa ya kuzuia mchwa zisichomwe kamwe jikoni, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina aseniki na moshi wake ni sumu. Vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta ya kitani vitandazwe nje hadi vikauke, kwani vikirundikwa hujipasha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe.